Akina Khamis Wote

Mwezi uliopita nilikwenda Konde kwenye harusi ya binti wa Mundhir. Kabla sijapewa hata maji ya kunawa, baba wa bi harusi mwenyewe alinitokea upande wa jikoni, kanzu ina doa la samli, akaniuliza mbele ya wapishi: "Asya, Dude lazunguka bado?" Nikamwambia liliacha zamani. Tukacheka mpaka mpishi mmoja akaweka mwiko chini kututazama, maana hakuna aliyesikia tumesema jambo la kuchekesha, na si kawaida kumwona baba mwenye harusi na mwanamke mwenye miwani na mkoba wa ofisini wakishikilia ukuta kwa kicheko. Pilau yangu siku ile niliila nusu niko harusini, nusu niko kwenye chumba kimoja cha Chake Chake ambacho sasa ni duka la mapazia. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kazi hii ninayoifanya, ya kutafuta kwa nini mifumo ya kompyuta inakwenda polepole, nami huwatajia chuo, kwa sababu chuo kina cheti. Kwa kweli niliijua kwenye dirisha la mapokezi, ndani ya mwaka mmoja, kwa mwanamke ambaye hadi leo ukimwambia yeye ni mwalimu wangu atakugusa paji la uso aone kama una homa.

Habari za kwetu na za skuli nitaziacha, hazina la ajabu. Niseme tu kwamba nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka Unguja na mkataba wa mwaka mmoja mkononi, na nilikuwa najiona mtu. Kituo kilichoniajiri kilikuwa cha afya ya mama na mtoto, cha wafadhili, na sasa hakipo tena. Makao yake yalikuwa Chake Chake, nacho kilikuwa na matawi mawili, moja Konde na jingine Chokocho. Kadi za kina mama, ambazo kabla yangu zilikaa kwenye madaftari yaliyoliwa na mende, zilikuwa zinahamishiwa kwenye huduma ya wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa za kukodi zilizoko mbali huko nchi za watu, nasi tunazifikia kwa intaneti. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzihamisha na kuuangalia mfumo wote. Wafanyakazi waliuita Dude. Mkurugenzi wetu, Daktari Zuleikha, hakupenda jina hilo, lakini alikuwa Muunguja kama mimi, na sisi wawili ndani ya jengo lile hatukuwa na nguvu ya kubadilisha jina la kitu.

Nilipanga chumba Madungu, nyumbani kwa Bi Time, karani wa mapokezi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Siku ya kwanza nilifika kazini na begi langu, Bi Time akaliangalia begi, akaniangalia mimi, akasema, "Utalala wapi?" Nikasema nitatafuta hoteli. "Hoteli wenda kufanya nini, na mie n'na chumba chalala mapanya?" Mapanya kweli yalikuwepo, lakini yalihama baada ya wiki. Chumba kilikuwa na kitanda cha besera, dirisha linalotazama ua, na ukuta mwembamba uliokitenga na jiko, hivi kwamba asubuhi niliamka kwa harufu ya mchaichai na sauti ya kijiko ndani ya birika. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye mwendo wa taratibu na mdomo usiokuwa na taratibu hata kidogo. Zamani alikuwa mkunga msaidizi, miguu ilipoanza kuuma wakampeleka mapokezi. Usiku alinilisha shelisheli la nazi na dagaa, na kila nilipodai nimeshiba alisema Waunguja tuna matumbo ya kuazima.

Miezi ya mwanzo ilikuwa sherehe. Kila mama aliyeandikishwa alipigwa picha, na mpigaji alikuwa mimi, kwa simu mpya niliyoinunua kwa mshahara wa kwanza. Habari zilienea kwamba kituoni mtu anapigwa picha bure. Wakaja na mitandio ya harusini, na wanja, na kanga zilizotolewa sandukuni zikiwa bado na mikunjo. Bi Time alitoka dirishani kwake akawa anawaweka sawa: "Inua uso, weye si mshitakiwa." Nilipenda kuwaona. Maelekezo ya mfumo yalisema kila picha ipunguzwe iwe ndogo kabla ya kuwekwa, nami nilipoipunguza ya kwanza nikaona wanja wa yule mama umekuwa doa. Nikaona haya, mtu kaamka alfajiri kujipamba nami nimfute. Nikaziweka zote kama zilivyo, kubwa, safi, hata uzi wa mtandio unahesabika. Daktari Zuleikha alizitazama akanisifu mbele ya watu wote, nami sifa hiyo niliila kwa muda mrefu.

Kisha Dude likaanza kuzunguka. Wanaotumia kompyuta wanakijua kile kiduara kinachojizungusha kwenye kioo wakati mashine inatafuta kitu, ukaambiwa ungoje. Mwanzo kilizunguka mara mbili tatu kikaondoka. Ilipofika nusu ya mwaka, siku za kliniki, kiliweza kuanza kuzunguka saa mbili asubuhi, hata mama mmoja akaanza na kumaliza kumnyonyesha mtoto wake pale pale dirishani. Foleni ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikafika kwa muuza bajia, ambaye ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeombea tatizo lisiishe. Konde walipiga simu: kwao pia linazunguka. Chokocho wakapiga. "Mtandao unasumbua," tuliwaambia wagonjwa, maneno ambayo Tanzania nzima mtu akiyasikia hutafuta pahala pa kukaa. Bi Time hakulalamika. Aliwaambia walio mbele, "Dude lazunguka, wanangu, tusubirini," akawauliza habari za mashamba.

Leo nina vijana sita chini yangu, wote hodari, na kila wanapoletewa lalamiko la mfumo kwenda polepole wanaanza pale nilipoanza mimi: wanamtuhumu aliye mbali. Mimi nilimtuhumu kwanza mwenye kuleta intaneti. Mundhir, aliyekuwa fundi wetu wa umeme, wa jenereta, wa mabomba na wa kila kitu chenye waya, alipanda juu ya paa akaigeuza antena, akashuka, akapanda tena na panga, akakata tawi la mshelisheli wa jirani. Jirani akaja juu, akatulizwa kwa maneno na kwa mashelisheli matatu yaliyokuwa yake mwenyewe. Nikapima kasi ya intaneti: nzuri kabla ya tawi, nzuri baada ya tawi. Nikawatuhumu basi watu wa Dar es Salaam waliotuuzia huduma. Kijana wao akanambia kwa simu kwamba seva yetu huko winguni imeelemewa, tukodi kubwa zaidi. Tukakodi. Siku mbili mambo yakawa mepesi, Bi Time akanipikia mkate wa kumimina wa shukrani, na siku ya tatu Dude likazunguka kama jana yake.

Kosa langu la siku zile nalikumbuka kwa aibu. Nilikuwa nikilipima Dude alasiri, baada ya wagonjwa kuondoka, kwa sababu asubuhi hapakuwa na nafasi ya kukaa kwenye mashine. Nikiandika jina la mama mmoja kwa ukamilifu wake, majina matatu na mwaka wa kuzaliwa kama maelekezo yanavyotaka, kadi yake ilifunguka kabla sijaondoa kidole. Nikaandika kwenye daftari langu: alasiri, salama. Kesho alasiri, salama. Wiki nzima nilikuwa na daftari limejaa salama na foleni imefika kwa muuza bajia. Nilikuwa najaribu mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe, kumbe wenye nyumba wanaingilia kwengine.

Mambo yakawa mazito Daktari Zuleikha aliponiita. Alikuwa mtu mzuri lakini wa haraka. Alikula amesimama, akisaini karatasi. Akanambia wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi na wamesikia habari ya foleni. "Asya, nataka ripoti. Kama ni mashine, tutabadilisha mashine. Kama ni mtu, tutabadilisha mtu." Nikamuuliza mtu gani. Akazungusha kalamu. "Bi Time mtu wa zamani. Namheshimu. Lakini kuna kijana ana cheti cha kompyuta, na stoo ya vyandarua inahitaji mwangalizi. Usiseme kwanza." Stoo ya vyandarua ilikuwa chumba cha nyuma kisichokuwa na dirisha, ambamo binadamu waliingia mara moja kwa wiki. Nilitoka ofisini kwake nikapita mapokezi. Bi Time alikuwa amembeba mtoto wa mtu mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye mashine, na anamwambia mwanamke wa tatu kwenye foleni kwamba uvimbe wa miguu ule si wa kungoja zamu, apite mbele aonwe. Yule mama alipita mbele akaonwa, ikawa kweli hakuwa wa kungoja.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho ningekitazama siku ya kwanza. Kila mfumo unaandika habari zake wenyewe: nani kaomba nini, saa ngapi, na kajibiwa baada ya muda gani. Alasiri ile nikajifungia, nikazifungua habari za asubuhi nzima, mistari maelfu. Sikuhitaji kusoma mingi. Mtumiaji: mapokezi Chake. Anatafuta: Khamis. Mtumiaji: mapokezi Chake. Anatafuta: Juma. Khamis tena. Khamis. Ali. Khamis. Konde hivyo hivyo, Chokocho hivyo hivyo. Hakuna jina kamili hata moja, hakuna mwaka wa kuzaliwa. Na Pemba, ukiandika Khamis peke yake, Dude linakuletea kila mama ambaye yeye binti Khamis, au babu yake Khamis, kutoka Konde hadi Chokocho, wote kwa pamoja kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja na picha yake. Nilibaki nimeshika kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nakipigia simu Dar es Salaam.

Kesho yake asubuhi nikachukua kigoda nikakaa ubavuni mwa Bi Time. "Wanipeleleza?" akauliza. Nikasema najifunza. Akaja mama kijana mwenye mimba kubwa. Bi Time alimpokea kwa uso mkunjufu, akauliza ya nyumbani, na vidole vyake bila haraka vikaandika Khamis. Kiduara kikaanza. Baada ya muda wakaanza kutokea, mmoja mmoja, akina Khamis wote, na wanja wao na mitandio yao, Bi Time akawa anashuka nao polepole, "huyu siye, huyu siye, huyu kashajifungua, mashallah kapendeza," mpaka akamfikia aliyesimama mbele yetu. Mama yule alipokwenda kupimwa nikamuuliza Bi Time kwa upole kwa nini hakumuuliza jina lake kamili.

Aliniangalia kama nimemwambia amchunguze meno. "Nimuulize jina? Yule?"

"Ndiyo, Bi Time. Majina matatu, na mwaka aliozaliwa."

"Mwanangu, yule nilimpokea mie kwa mikono yangu hii, mvua yanyesha, taa imezimika. Mamake nilimlaza mie. Leo aje hapa na tumbo lake, nimtolee macho nimwambie jina lako nani weye? Si atakwenda kwao aseme Bi Time kanikana?" Akafuta kioo kwa pembe ya kanga. "Asiyekujua hakuthamini. Na akiona hathaminiwi, mwezi ujao haji. Akazalie kichakani."

"Na asiyekumbuka jina la babu yake, unafanyaje?"

"Simuulizi. Nakumbuka mie."

Nikamuuliza kuhusu Konde na Chokocho. Akasema makarani wa kule aliwafundisha yeye, wiki moja moja, hapa hapa dirishani, na kitu cha kwanza alichowafundisha ni kutomuuliza mtu mzima jina lake mbele ya watu. Alisema kwa fahari kabisa. Nikaona nimepata jawabu langu lote, na jawabu hilo limevaa kanga na linaniandalia chai.

Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba jawabu lazima lijaribiwe, hivyo alasiri nikalijaribu. Nikakaa peke yangu, hakuna mwingine kwenye mfumo, nikaandika Khamis. Likazunguka. Nikaenda kuchota maji, nikarudi, linazunguka. Kisha nikauamuru mfumo ulete akina Khamis wale wale bila picha. Nilipobonyeza, orodha yote ilikuwa mbele yangu, majina tu, papo hapo. Nikarudisha picha, likazunguka. Nikaziondoa, likafunguka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikitumaini litabadilisha maneno yake. Kutafuta kwa Bi Time kulikuwa kunafungua mlango mpana, ni kweli, lakini mzigo uliokwama mlangoni ulikuwa wangu: picha kubwa ambazo mimi, kwa mkono wangu, nilikataa kuzipunguza, na ambazo kila asubuhi zilivuka bahari mamia kwa mamia ili Bi Time amtambue mtu mmoja.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikwenda moja kwa moja kusema. Sikwenda. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na Daktari Zuleikha ndiye mwenye kuuongeza au kuuacha. Nilirudi Madungu nikaandika ripoti kitandani. Kwenye ukurasa wa kwanza niliweka kwa herufi nene kwamba karani wa mapokezi hafuati utaratibu wa kutafuta. Kwenye ukurasa wa pili, chini, niliandika kwamba picha zilizopakiwa zilikuwa na ukubwa uliozidi kiwango. Zilizopakiwa. Na nani, sikusema. Kila neno lilikuwa la kweli. Bi Time akanigongea, chakula tayari, mihogo na pweza. Nilikula nikitazama sahani, naye akasema leo tumbo la kuazima limerudishwa kwa mwenyewe.

Baada ya Isha jirani, Bi Mgeni, alikuja kama desturi yake, wakakaa jikoni wakichambua mchele wa kesho. Mimi niko upande wa pili wa ule ukuta mwembamba na ripoti yangu juu ya magoti. Nilisikia kila kitu, na sikujaribu kutosikia.

"Mpangaji wako kanyong'onyea," alisema Bi Mgeni.

"Dude lamsumbua. Toka mwezi jana halali vizuri, namsikia ajigeuza."

"Kwani halitengenezeki?"

"Litatengenezeka, kale katoto kana akili. Mie nahofia wakubwa hawatamngoja. Watamrudisha kwao kabla hakajalipata, kaende kakajione hakafai." Mchele ukapepetwa kidogo. "Nimewaza kesho nende kwa Daktari nimwambie kosa langu mie. Mie mtu mzima, miguu mibovu, wataniweka wapi, wataniweka stoo. Stoo nakaa. Yeye ndo kwanza aanza."

"Na kosa lako kweli?"

"N'tajuaje? Lakini mtu mzima akisema kosa lake, watu huamini."

Nililia, na sioni haya kusema. Nililia nimeufunika uso kwa mto ili ukuta usinisaliti na mimi. Kisha nikaichana ripoti vipande vipande, nikaandika nyingine, fupi, na mstari wake wa kwanza ulianza na neno mimi. Tangu siku hiyo nimeandika ripoti nyingi za kueleza kwa nini kitu fulani kilikwama, na kwenye kila moja natafuta kwanza pahala ninapotakiwa kuandika neno hilo. Vijana wangu wanadhani ni unyenyekevu. Ni woga wa kuisikia tena sauti ile nyuma ya ukuta.

Asubuhi nilihakikisha nimetoka nyumbani kabla yake. Nilimkuta Daktari Zuleikha amesimama anakunywa chai, nikamwomba akae, naye kwa mshangao akakaa. Nikamsomea. Kwamba foleni ni kwa sababu ya picha, kwamba picha nilikatazwa kuziweka kubwa nikaziweka, kwamba ni mimi, na kwamba yeye alizisifu lakini hakujua. Mlango ukafunguliwa, Bi Time akaingia anahema kwa ngazi, mtandio umekwenda upande, akasema kabla ya salamu, "Daktari, lile kosa langu."

"Kosa gani, Bi Time?"

"Lile la Dude."

Daktari akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Hospitali zote nilizofanya kazi," alisema, "nilikuwa natafuta mwenye kosa, hapatikani. Leo ninao wawili kabla sijamaliza chai." Kisha akaushika mstari wa pili wa ripoti, maana hakuwa mtu wa kupitwa. "Na huku kutafuta Khamis peke yake?" Nikamwambia alivyonambia Bi Time kuhusu jina la mtu mzima, na yule mama mwenye miguu iliyovimba, na kwamba karani mwenye cheti angemuuliza jina lake na mwaka wake na asingeiona miguu. Nikasema mfumo ndio unaouliza kwa njia isiyo ya hapa, nao hubadilishwa kwa urahisi kuliko Bi Time. Nikaomba siku nne. Daktari alisema anatoa siku nne, na siku ya tano atasimama dirishani na saa yake mwenyewe, na kama foleni itafika kwa muuza bajia, Bi Time atakwenda stoo na mimi nitakwenda kwetu.

Kupunguza picha ilikuwa kazi ya mashine; niliiandikia maelekezo Ijumaa kabla ya sala, na hadi Jumamosi asubuhi ilikuwa imezishughulikia zote. Nilijifunza pia, kwa kuchelewa, kwamba picha ikipunguzwa kwa uangalifu wanja haufutiki. Nikaufanya ukurasa ulete watu ishirini tu kwa mara moja. Hata hivyo akina Khamis walikuwa wengi, na ishirini wa kwanza huenda wasiwe wenyewe. Nikamweleza Bi Time jikoni, yeye anakuna nazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini Dude lisubiri kuulizwa. "Wanokuja Jumatatu si twawajua? Sisi wenyewe tumewaandikia waje Jumatatu. Waweke hapo wote mapema, kila mtu na sura yake, mie nikija niwakute washakaa." Niliacha kijiko ndani ya kikombe. Tarehe za miadi zilikuwa ndani ya mfumo tangu mwanzo. Sikuwahi kufikiria kuwaalika watu kabla hawajafika. Jumapili nzima nilikuwa nafanya kile alichosema, na Mundhir, ambaye hakuwa na cha kufanya, alikaa pembeni akinipa bajia na kunikumbusha kwamba yeye bado ana deni la tawi la mshelisheli kwa jirani.

Jumatatu saa mbili kasoro Daktari Zuleikha alisimama kando ya dirisha, simu mkononi, ameweka saa ya kuhesabu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Bi Time alikaa, akavuta kiti, akawasha. Kwenye kioo walikuwepo wale wa leo wote, wamepangwa safu safu na mitandio yao. Akaja mama wa kwanza, mtu wa Chokocho, na mtoto mgongoni. Bi Time alimwona, akagusa sura yake mara moja, na kadi nzima ikafunguka: mimba ngapi, chanjo gani, uzito wa mwezi uliopita. Daktari akabonyeza saa yake, akainua nyusi, akanionesha. Ilikuwa hata hesabu haijaanza kuwa hesabu.

Lakini Bi Time hakuishughulikia kadi. Alikuwa ameshamgeukia yule mama, kamuuliza ya nyumbani, kajibiwa. Kamuuliza mama yake, na mama wa mumewe, na kifua cha mzee, na kama ule mbuzi kapatikana. Yule mama akaanza kisa cha mbuzi kwa kirefu. Saa ya Daktari inakwenda. Nilijikohoza. Daktari alivumilia, akavumilia, mwishowe akainama dirishani, akasema kwa heshima zote, "Bi Time, samahani, kadi imeshafunguka."

"Nimeiona, Daktari," alijibu Bi Time, bila kugeuza shingo. "Sie tumelingoja Dude mwaka mzima. Nalo na litungoje kidogo." Akamshika yule mama mkono aendelee, maana walikuwa wamefika pale ambapo mbuzi kaonekana kwa jirani.

Daktari Zuleikha akaizima saa, akaitia simu mfukoni, akavuta kigoda changu, akakaa kusikiliza.